Mmoja Wetu Ale

Tulimzika Mama Mdogo siku ya Jumanne, bila pasta na bila padri. Watu wa avenue yetu hapa Bulengera, Butembo, walichimba kaburi, wakabeba jeneza kwa zamu hadi makaburini, na mzee wa nyumba kumi akasema maneno machache ya kumshukuru kwa ujirani wake. Kabla ya kutoka nyumbani, wamama wa kanisa letu la Kiprotestanti walikuwa wamekuja na unga na kuni, wakaketi uani upande wa mlango. Wamama Wakatolika, majirani tu, walikuja na unga na kuni vilevile, wakaketi upande wa jiko. Kwaya haikuja. Haikuwa kwa ubaya. Mtu aliyekaa chini ya adhabu ya kanisa zaidi ya miaka ishirini, tena akafa bila kutubu, kwaya haimwimbii, na mimi ninayeimba katika kwaya hiyohiyo sikuthubutu kuiomba. Niliyatazama mabeseni ya unga yaliyopangwa kando ya ukuta, nikashindwa kujua lipi limetoka kwa nani. Ndipo nikakumbuka uwanja mwingine, kule Beni, na mabeseni mengine kama hayo, mwaka ule niliokaa kwa Mama Mdogo na mume wake nikiwa na miaka kumi na saba.

Nilifikaje kwao na kwa sababu gani, hayo nayaacha. Nilipewa chumba cha nyuma, kilichotengwa na chao kwa ukuta wa mbao. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, na Mama Mdogo alikuwa amebandika kwenye nyufa kurasa za kalenda za zamani: nyingine za kwetu, zenye mistari ya Biblia, nyingine za Wakatolika, zenye majina ya watakatifu wa kila siku. Zilizuia macho lakini hazikuzuia sauti. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, viti vinne, redio iliyofungwa kwa mpira, na nyuma ya mlango msumari mmoja mkubwa. Hapo lilitundikwa koti la Jumapili la Papa Kakule, la kijivu, la mtumba, ambalo Mama Mdogo alilipiga brashi kila Jumamosi kama mtu anayemsafisha farasi. Papa Kakule ni mume wake. Nasema mume, ingawa hakuna kanisa lililowahi kulitamka hilo neno juu yao. Alikuwa Mkatolika wa Masereka, mtu wa baridi na viazi, aliyeteremka kwenye joto la Beni kupanda kakao karibu na Oicha, wakati kakao ilikuwa bado kitu kipya. Aliondoka kila Jumatatu kwa baiskeli, akarudi kila Jumamosi akiwa na ndizi nyuma na udongo masikioni.

Mbuzi wa mahari walikuwa wametolewa, familia mbili zilikuwa zimekunywa na kula, lakini makanisa yao hayakupatana. Pasta wetu alisema atawafungisha ndoa siku Kakule atakapomaliza mafundisho na kuingia ndani ya maji, kwa kuwa kwetu kumwagia mtoto mchanga maji kichwani hakuhesabiwi ubatizo. Papa Kakule hakuwa mtu wa kubishana, lakini hapo aligoma. Nilimsikia akisema, “Nikikubali kama ile haikukuwa ubatizo, basi mama yangu alinibeba bure kutoka kwetu mpaka parokia, na mvua.” Kwa upande wa padri mlango ulikuwa wazi kidogo zaidi: Mama Mdogo hakuhitaji kubadili dini, ilihitajika tu ruhusa ya Askofu. Lakini kwetu, Mprotestanti anayefunga ndoa mbele ya padri hufutwa katika daftari la kanisa. Basi wakaishi hivyo miaka sita, bila mtoto, kila mmoja akiwa chini ya adhabu ya kwake. Yeye Mama Mdogo hakuruhusiwa kula Meza ya Bwana wala kukaa na kwaya, yeye aliyekuwa na sauti ya kwanza nzuri kuliko zote. Papa Kakule hakuruhusiwa kupokea Komunyo. Kila Jumapili walitoka kwa mlango mmoja, wamevaa safi, wakaenda pamoja mpaka penye duka la chumvi. Hapo mmoja alipanda na mwingine akateremka. Kila mmoja akaketi kwenye benchi ya nyuma ya kanisa lake, akaangalia wengine wakila, akarudi.

Wakirudi walikula pamoja, na hicho chakula cha Jumapili ndicho ninachokikumbuka zaidi katika mwaka ule wote. Bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa tangu jana, maharagi, na makayabo, samaki wa chumvi, kama wiki ilikuwa nzuri. Mama Mdogo aliomba macho yamefumbwa, maombi marefu yenye wagonjwa wote wa avenue ndani yake. Papa Kakule alifanya ishara ya msalaba haraka, akamaliza, kisha akangoja na kijiko mkononi akinikonyeza.

“Hiyo ni amina ya ngapi?” aliuliza.

“Nyamaza. Mungu hajamaliza.”

“Mungu alishamaliza. Ni weye unamukamata shati.”

“Ninyi munafanya mukono hivi,” alisema Mama Mdogo, akifuta hewa mbele ya uso wake, “kama mutu anafukuza nzi, munaanza kula.”

“Mungu wetu anasikia mbio. Masika, kula, mutoto. Huyu atatuua na njala.”

Baada ya kula alitoka nje na chupa yake ya kasiksi, kwa sababu pombe ya ndizi haikuingia katika nyumba ya Mprotestanti, akaketi kwenye jiwe karibu na mlango. Mama Mdogo alibaki ndani akiosha sahani. Halafu mmoja wao alianza kuimba. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao tuni yake imo katika vitabu vyote viwili, cha kwao na cha kwetu, ila maneno ni tofauti. Papa Kakule aliuimba nje kwa maneno ya Kikatolika, Mama Mdogo ndani kwa maneno ya kwetu, na mlango ulikuwa wazi kati yao. Mimi niliimba sauti ya pili, ile inayotembea chini ya sauti ya kwanza, na nilikuwa nikichagua maneno kutegemea nimesimama karibu na nani.

Sauti ya pili alinifundisha Mama Mdogo. Nilipokewa katika kwaya miezi mitatu baada ya kufika, na sikustahili. Nilikuwa na sauti, lakini sikuweza kusimama peke yangu, nilipoachwa, nilipotea. Siri yangu ilikuwa benchi ya nyuma. Adhabu ilimkataza Mama Mdogo kukaa na kwaya, lakini haikumkataza kuimba pamoja na waumini wengine, na alipoimba kule nyuma karibu na mlango, sauti yake ilipita juu ya vichwa vya watu wote ikanifikia mbele. Mimi niliishika hiyo kama mtu anayeshika kamba. Kiongozi wa kwaya alijua. Mara moja, kwenye mazoezi ambayo Mama Mdogo alikuja eti kuniletea mwavuli, alisema bila kugeuka, “Bench ya nyuma, punguza kidogo, tutasikia hata batu ba mbele.” Watu wakacheka, na Mama Mdogo pia akacheka. Lakini nilimwona akikunja ule mwavuli mara mbili, mara tatu, na haukuwa na maji.

Siku moja ya Jumapili mchana mvua ilinyesha sana. Kwenye mabati ilikuwa kama kokoto, na wao chumbani walilazimika kupaza sauti ili kusikizana. Nilikuwa nimelala kitandani kwangu, uso karibu na ukurasa wa mtakatifu fulani.

“Kavugho, fikiri tena,” alisema Papa Kakule, akimwita kwa jina lake.

“Nimefikiri miaka sita.”

“Batakufuta mu daftari.”

“Bafute.”

“Na kwetu, Padri alisema wazi. Utaingia, utakaa karibu na miye, lakini kwa Komunyo hautapita. Donc, basi, mimi nitakula, weye utaangalia.”

“Nitaangalia.”

“Siwezi kula kama unaniangalia.”

Mvua ikapungua kidogo, na kwa hiyo Mama Mdogo akapunguza sauti, lakini nilisikia. “Kakule, sasa tuko babili, na sisi wote tuko na njala. Mumoja wetu akule.”

Nilisikia kitanda kikilia, halafu nikasikia mtu akipenga makamasi, na sijui alikuwa nani kati yao. Juma lililofuata walikwenda pamoja kwa padri, wakaandika ombi la ruhusa. Ombi likapelekwa Butembo kwenye ofisi ya Askofu. Tukangoja. Papa Kakule aliuliza mara ya kwanza, mara ya pili, akaambiwa mambo hayo yana mwendo wake, akaacha kuuliza kwa sababu kuuliza kulimtia haya. Alikuwa akisali kwenye kapela ya mtaani, ambako padri alipita mara moja moja, kwa hiyo hawakuonana sana. Na mara mbili zilizopita ni wao wenyewe walioanza safari hiyo wakarudi nyuma, hivyo hakuna mtu pale parokiani aliyeshangaa akiwaona kimya.

Ruhusa ilifika Alhamisi moja saa nne asubuhi, na aliyeipokea ni mimi. Katekista wa parokia, si wa kapela ya mtaani, mzee mwenye baiskeli isiyo na breki, aliisimamisha kwa mguu mbele ya nyumba.

“Mutoto, bakubwa beko?”

“Hapana. Papa iko Oicha, Mama Mudogo iko soko.”

“Basi bapatie hii. Imetoka Butembo. Sema bakuye kwa Padri siku ya ine ya juma inayokuya, batie sinyature, na siku ya posho babarikiwe. Padri anasema safari hii hapana kukawisha tena.” Akanitazama. “Umesikia?”

“Nimesikia.”

Ilikuwa bahasha ya kahawia, na gundi yake haikushika vizuri. Niliifungua. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha miaka miwili ya sekondari, lakini niliyaona majina yao mawili yamepigwa kwa mashine kwenye mstari mmoja. Sikuwa nimewahi kuyaona pamoja kwenye karatasi yoyote. Nilihesabu siku. Wangetia sahihi Alhamisi ya juma lililofuata, wafunge ndoa Jumamosi yake, siku ya posho, na kesho yake, Jumapili, ilikuwa sikukuu ya mavuno, ambayo kwaya zote za upande wetu zingekusanyika kanisani kwetu, na sisi tulikuwa tuimbe peke yetu wimbo mmoja wa sauti nne. Kama angebarikiwa na padri Jumamosi, Jumapili benchi ya nyuma ingekuwa tupu.

Wakati fulani nilijiambia kwamba niliwaza haki yake, kwamba niliona si sawa yeye ndiye apoteze meza yake ili mwingine apate ya kwake. Si kweli. Sikuwaza hayo hata kidogo. Niliwaza juu ya sauti yangu, mbele ya watu wengi, imepotea. Nilitaka Jumapili moja tu. Niliiweka bahasha ndani ya jalada la kitabu changu cha nyimbo, na nilipanga kuwapa jioni ya sikukuu, niseme katekista ameipitisha siku hiyo. Siku kumi. Jumamosi ya kwanza Papa Kakule alirudi, akanipa ndizi mbivu, akaniuliza kama hakuna habari. Nikasema hakuna. Jumamosi ya pili, ile ambayo ingekuwa yao, alirudi amechelewa, na Mama Mdogo akalipiga koti brashi kama kawaida.

Sikukuu ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli. Watu walileta mikungu ya ndizi, maharagi, kuku waliofungwa miguu ambao walilia wakati wa mahubiri, mihogo mirefu kama watoto. Tulipoimba, sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango, ikanifikia, na mimi niliishika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuimba vile tena. Tuliporudi, kulikuwa na wageni nyumbani hadi jioni, na Papa Kakule alikuwa kwenye jiwe lake na watu wawili wa kwao Masereka, na nikasema moyoni nitawapa kesho asubuhi. Kesho asubuhi nilikwenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi baiskeli haikuwepo.

Jumatano watu wenye silaha waliingia katika mashamba. Papa Kakule aliuawa pamoja na mzee mmoja mwenye shamba jirani. Habari ilifika Alhamisi, na nyumba ikajaa watu, na uwanja mabeseni ya unga, kabla Mama Mdogo hajamaliza kuelewa anaambiwa nini. Nakumbuka alikuwa ameshika ungo wenye maharagi na hakuna aliyeweza kuutoa mikononi mwake. Mdogo wake Papa Kakule alikuja kuchukua nguo za kumvalisha marehemu. Alisema, “Tunaenda na koti.” Na mimi, kabla hajalifikia, nilikwenda chumbani, nikatoa bahasha katika kitabu, nikarudi, nikalishusha koti kwenye msumari kama mtu anayesaidia, nikaitia katika mfuko wa ndani, nikamkabidhi. Sikuwa nimepanga. Mkono ulitangulia. Nilitaka barua izikwe.

Majeneza mawili yalitoka pamoja katika nyumba ya maiti, na yalifika pamoja mbele ya kanisa la Wakatolika. La yule mzee, ambaye alikuwa ameoa kanisani, liliingia, na kengele ikapigwa. La Papa Kakule lilibaki nje, juu ya viti viwili, chini ya ukingo wa paa. Tulisimama nalo: Mama Mdogo, mdogo wa marehemu, mimi, na wamama wa makanisa yote mawili. Wakatolika wangeweza kuingia kwenye misa, lakini wengine walibaki nasi. Hakuna aliyeimba. Wa kwetu hawakuweza kwa sababu marehemu hakuwa wa kwetu. Wa kwao hawakuweza kwa sababu alikuwa chini ya adhabu. Walisimama bega kwa bega, midomo imefungwa namna moja, nami nikaona kwamba katika jambo hilo wanapatana kabisa. Kutoka ndani tulisikia misa ya mzee yule hadi mwisho. Katikati yake waliimba ile tuni. Mama Mdogo aliinua kichwa, akakirudisha chini.

Misa ilipokwisha, padri alitoka na chombo cha maji ya baraka. Alikuwa bado kijana. Alilinyunyizia jeneza la Papa Kakule pia, haraka, kama mtu anayeiba kitu, kisha akamshika Mama Mdogo mkono.

“Mama, niliwangoja siku ile ya Alhamisi. Kama mungekuja, leo angekuwa ndani.”

“Alhamisi gani, Padri?”

“Ruhusa ilitoka. Katekista aliileta kwenu.”

Katekista alikuwa nyuma yake, na kofia mkononi. “Nilimupatia huyu binti,” alisema. “Mu mukono.”

Mama Mdogo alinigeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa akiuliza tu. Na mimi nilisema, “Nilimupatia Papa.”

Kama kuna maneno mawili katika maisha yangu ambayo ningetaka kuyaokota na kuyarudisha, ni hayo.

“Lini?” aliuliza.

“Siku ya posho. Ile ingine.”

Tulizika. Jioni mdogo wa marehemu alirudisha koti, limekunjwa vizuri ndani ya karatasi. Walipofika kwenye nyumba ya maiti, jeneza lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari, kwa sababu ya hali ya mwili. Mama Mdogo alilipokea, akalitundika kwenye msumari wake, akalinyoosha mabega, na mkono wake ukaenda ndani kwenye mfuko. Aliitoa bahasha. Ilikuwa imefunguliwa. Aliisoma akisimama pale nyuma ya mlango, ingawa Kifaransa hakukijua hata kidogo. Aliangalia majina tu.

“Aliisoma,” alisema. “Akarudisha mu mfuko. Akakula chakula yangu, akaenda.”

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Nilisema, “Mama Mudogo, nikupashie maji?” Akasema ndiyo.

Mwezi haukuisha, pasta alikuja. Aliketi kwenye kiti cha Papa Kakule bila kujua kuwa ni chake. Alikuwa mtu mpole, na aliongea polepole. Alisema kanisa linalia pamoja naye. Alisema sasa hakuna tena kinachomzuia. Anaweza kusimama mbele ya waumini Jumapili yoyote, aseme neno fupi tu la kutubu maisha ya miaka sita, na Jumapili hiyohiyo atakula Meza ya Bwana na kurudi kwenye kwaya. Majuma mawili baadaye padri naye alipita, kwa upole uleule, akasema kwamba kama anataka kuingia kwao, sasa hakuna tena kinachomzuia. Walitumia maneno yaleyale. Sidhani waliwahi kukutana.

Pasta alipokuja mara ya pili kuchukua jibu, Mama Mdogo alikuwa akichambua sombe na hakuacha.

“Pasta, unataka nitubu nini?”

“Kukaa na mwanaume bila ndoa, Mama.”

“Sijue kama alinitaka mpaka mwisho,” alisema. “Iko karatasi kule nyuma ya mulango inasema hapana. Lakini miye nilimutaka. Siku zote. Hiyo nitaitubia namna gani? Nikiitubia, tutabaki na nini?”

Pasta alisema atamwombea. Akaomba, maombi marefu. Mama Mdogo alisema amina.

Mwaka ule uliishia hapo. Tulihama Beni kama wengi walivyohama, tukaja Butembo, hapa Bulengera, na yeye akauza viazi na poaro za Masereka, vile vitunguu vya majani, kando ya barabara, vitu vya kwao Papa Kakule, hadi magoti yalipokataa. Kila Jumapili alivaa, akaenda kanisani, akaketi benchi ya nyuma. Sauti yake alianza kuipunguza, kisha akaiacha, na mimi mbele nikajifunza kushika sauti ya pili bila kamba, kwa mazoea tu, vibaya kidogo. Niliolewa kanisani. Watoto wangu wanne wakabatizwa ndani ya maji. Nimekula Meza ya Bwana kila mwezi kwa zaidi ya miaka ishirini, na yeye akiniangalia. Mara nyingine, tukiwa tunamenya viazi, alizungumza juu ya Papa Kakule kana kwamba anamtetea mbele ya mtu. “Labda aliogopa tu,” alisema. “Hata mwanaume anaweza kuogopa.” Au: “Labda alikuwa anangoja sikukuu yako ipite, maana alijua ninapenda kuisikia kwaya.” Hapo nilikata kidole. Nina kovu hapa.

Mwezi wa mwisho alikuwa amelala na mimi ndiye niliyemlisha. Alikula uji vijiko vinne, vitano. Asubuhi moja, akili yake ikiwa safi kabisa, alisema, “Nikimufikia sitamugombeza. Nitamuuliza tu kwa nini alinyamaza.” Nilikuwa nimeinua kijiko. Yeye alifungua kinywa, kama mtoto, akangoja. Nikampa. Akameza. Kwa hiyo ameondoka na swali lile, na kama kweli kuna mahali wanapofikiana, atamuuliza mtu asiyejua chochote juu ya barua yoyote. Nimewaza sana juu ya uso wa Papa Kakule akiulizwa hivyo. Ninaandika haya kwa sababu hana mwingine wa kumtetea. Hakuipokea barua. Hakunyamaza. Alikuwa anangoja.

Siku ya Jumanne, udongo ulipofika usawa wa ardhi na watu wakaanza kupangusa majembe, nilijaribu kumwimbia. Niliwaza ile tuni. Wote waliokuwa pale wanaijua, wamama wa upande wa mlango kwa maneno yao na wamama wa upande wa jiko kwa maneno yao, na nilifikiri kwamba nikianza tu, yeyote anaweza kuidaka, na kanisa haliwezi kumhesabia kosa mtu anayemfuata mwenye msiba kuimba. Nikaanza, tuni tupu bila maneno, nisichague upande. Lakini mimi ninajua sauti ya pili tu. Sauti ya kwanza sijawahi kuiimba maishani, ilikuwa ya kwake. Na sauti ya pili ikiwa peke yake haifanani na wimbo wowote. Inapanda kidogo, inakaa mahali pamoja, inashuka. Watu walinitazama kwa huruma, wakajitahidi kusikiliza. Niliimba ubeti mzima. Mwanamke mmoja wa Kikatolika, jirani yetu, alinisogelea na beseni lake tupu kiunoni.

“Mama Masika, ni wimbo gani hiyo?”

Nilitaja jina la wimbo katika kitabu cha kwetu, na yeye hakulijua. La kwao nilikuwa nimelisahau. Alisimama nami kidogo kwa heshima, halafu akawafuata wengine waliokuwa wakiteremka.